Daraja la Kuinuka la Mtaa wa Halsted, Chicago

Katika karne ya 19 uchumi wa Chicago ulitegemea sana mto wake, kwa kuwa mbao na nafaka zilisafirishwa na merikebu za milingoti mirefu zilizopenya hadi katikati ya viwanda, huku watu na magari ya farasi wakivuka kwa madaraja ya kuzunguka, yaani yale yanayokaa juu ya nguzo moja iliyosimikwa katikati ya mto na kugeuzwa chombo kinapokaribia. Nguzo hiyo ndiyo iliyokuwa kero, kwani ilibana njia ya maji, na mwaka 1892 daraja la aina hiyo katika Mtaa wa Halsted Kusini liligongwa na meli likaharibika.

Mahali pake mhandisi J. A. L. Waddell alijenga daraja la kuinuka wima, lililokamilika mwaka 1894 kwa mchoro uliotokana na ule aliouandalia mji wa Duluth, ambako haukujengwa. Sakafu yake, yenye urefu wa karibu mita 40, ilining'inia kati ya minara miwili ya chuma yenye kimo cha mita 66 hivi. Kamba za waya zilizofungwa kwenye ncha za sakafu zilipita juu ya makapi makubwa vileleni mwa minara, na upande wa pili zikabeba vipande vya chuma vilivyolingana na sakafu kwa uzito, hivyo kazi kubwa ya injini za mvuke haikuwa kuubeba mzigo bali kuushinda msuguano. Hata uzito wa kamba zenyewe, ambao huhamia upande wa pili kadiri sakafu inavyopanda, ulifidiwa kwa minyororo.

Sakafu ilipanda hadi mita 47 hivi juu ya maji. Kimo hicho kilipimwa kwa milingoti, na hapo ndipo penye kinaya, kwa sababu enzi ya matanga katika Maziwa Makuu ya Marekani ilikuwa tayari inafifia. Isitoshe, mwaka 1895 Mtaa wa Van Buren ulipata daraja la kubinuka, ambalo sakafu yake hufunguka kama kifuniko cha kasha bila kuhitaji minara mirefu, na tangu lile la Mtaa wa Cortland la mwaka 1902 jiji liliegemea mtindo huo.

Daraja la Halsted lilibomolewa katika miaka ya 1930, likafuatwa na la kubinuka. Ubunifu wenyewe ulistawi kwingine: Daraja la Hawthorne mjini Portland, lililobuniwa na kampuni ya Waddell na Harrington na kufunguliwa mwaka 1910, lingali likiinuka kupisha vyombo.