Usipuuze oili inayovuja kwenye gurudumu la nyuma la lori

WENYE malori yanayobeba majani chai, mawe ya ujenzi na viazi katika Nyeri na miji mingine ya Mlima Kenya wanaifahamu alama hii: michirizi myeusi ya oili na vumbi upande wa ndani wa gurudumu la nyuma. Wengi huipangusa kwa kitambaa, wakaongeza oili kidogo, kisha safari ikaendelea.

Kinachovuja ni oili ya difu. Huzuiwa isitoke na oili sili, pete ya mpira yenye kiini cha chuma iliyo karibu na beringi za gurudumu. Pete hiyo ikishindwa, oili haimwagiki yote barabarani. Nyingine huingia ndani ya dramu na kulowesha laini za breki, na laini iliyolowa haishiki. Kwenye tambarare za Naro Moru huenda dereva asitambue lolote, ila labda lori kuvuta upande mmoja anapokanyaga breki. Katika miteremko ya Othaya na Kiriaini, au ule wa kuingia Daraja la Nithi, mzigo ukiwa umejaa, atatambua akiwa amechelewa. Ukaguzi wa kila mwaka wa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, hauwezi kuona oili iliyoanza kuvuja wiki iliyofuata.

Kosa kubwa la mafundi wetu ni kubadilisha sili bila kuuliza kwa nini iliharibika. Ni kweli mpira huzeeka na kukauka kwa joto. Lakini mara nyingi chanzo ni beringi iliyolegea, inayolifanya gurudumu kucheza na kuutanua mdomo wa sili. Chanzo kingine, ambacho wachache hukikumbuka, ni tundu dogo la kupumulia lililo juu ya ekseli. Udongo mwekundu wa huku ukiliziba, hewa ndani ya ekseli hupata moto, hukosa pa kutokea na kuisukuma oili nje kupitia sili. Hata sili mpya itavuja.

Kazi yenyewe hufanyiwa mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiwa yamewekewa vigingi na ekseli ikiegemea stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi. Fundi huondoa gurudumu, hufungua bolti za shafti na kuivuta nje, hufungua nati ya beringi, kisha huvua dramu pamoja na habu. Sili ya zamani hutolewa bila kukwaruza inapokaa. Sehemu ambayo mdomo wa sili husugua hupimwa kwa ukucha: ukikwama kwenye mfereji, kipande hicho kipelekwe kwa fundi wa mashine ya kukereza au kibadilishwe.

Sili mpya ilinganishwe na ya zamani kwa namba zilizopigwa juu yake, ambazo ni kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Usiridhike na neno la muuzaji, awe wa Karatina au wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Mdomo wenye springi huelekea upande wa oili, nao hupakwa oili kidogo kwanza. Sili hugongwa taratibu kwa kutumia kipande cha mbao, iingie sawasawa pande zote.

Kuhusu laini zilizolowa, baadhi ya gereji huziosha kwa petroli, wengine huzichoma moto. Oili huwa imeshapenya ndani, na breki ikipata joto hujitokeza tena. Zibadilishwe, tena pande zote mbili za ekseli, ili lori lisivute upande mmoja.

Mwishowe nati ya beringi hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, tundu la kupumulia husafishwa, na oili hujazwa hadi ianze kuchungulia kwenye tundu la kipimo, isizidi hapo. Baada ya siku mbili tatu za kazi, mwenye lori achungulie nyuma ya gurudumu. Akikuta unyevu, aangalie kwanza beringi na tundu hilo kabla ya kununua sili nyingine.