"Nusu-maisha" au "Mudanusu"?

Miongoni mwa istilahi za fizikia zilizoingia wodini bila kubisha hodi ni "nusu-maisha". Darasani neno hili halina madhara. Lakini tumfikirie mkulima wa Marangu aliyeshuka hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, akaambiwa kwamba atapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kunywa dawa "yenye nusu-maisha ya siku 8". Si ajabu akadhani kuwa yanayohesabiwa ni maisha yake.

Dawa yenyewe ni iodini-131, isotopu nururifu ya iodini. Tezi dundumio, iliyo shingoni, hufyonza iodini kuliko sehemu nyingine za mwili; ndiyo maana watu wa milimani, ambako mvua huosha iodini ardhini, huota rovu wakiikosa katika chakula. Tezi haitofautishi iodini ya chumvi na ile nururifu. Basi mgonjwa wa saratani ya tezi hiyo, akisha kupasuliwa, hunywa dawa, nayo huzifuata seli za saratani zilizobaki ambazo bado hufyonza iodini, ikaziunguza kwa karibu. Tiba ya namna hii yafaa iitwe "tiba lengwa".

Iodini-131 hutengenezwa katika vinu vya nyuklia. Tanzania haina kinu cha namna hiyo, hivyo dawa huagizwa nje. Barani Afrika, kinu mashuhuri kwa kazi hii ni SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kilichoanza mwaka 1965. Gunia la kahawa ya Kilimanjaro likichelewa njiani, uzito wake ni ule ule. Iodini-131 haingoji: baada ya siku 8 unururifu wake ni nusu, baada ya siku 16, robo, baada ya siku 24, thumuni. Ndege ikichelewa siku moja, asilimia 8 hivi imekwisha potea. Vivyo hivyo mgonjwa akichelewa.

Kwa hiyo tunapendekeza "mudanusu", yaani muda ambao unururifu wa kitu hupungua kwa nusu. Neno ni fupi, maana yake i wazi, wala halitaji maisha ya mtu. Muuguzi aweza kusema: "Mudanusu wa dawa hii ni siku 8. Hupungua nguvu hata ikiwa imefungwa chupani. Fika siku uliyopangiwa."

Maoni ya wasomaji, hasa wauguzi na walimu wa fizikia, tutayapokea kwa shukrani.