Mwalimu wa Muda na Njia za Kuitwa Tena

Katika miji yetu ya Pwani, kuanzia Lamu hadi Kwale, si haba nyumba zenye binti au mke aliyehitimu ualimu, naye yungali akisubiri ajira ya kudumu. Na huenda mtaa wa pili tu kuna darasa lisilo na mwalimu, kwa kuwa mwenyewe amejifungua, anaugua au amekwenda masomoni. Pengo hilo ndilo riziki ya mwalimu wa muda. Wengi hulipata mara moja, kisha miezi ikapita wasiitwe tena. Tutazame basi yawezayo kumfanya aitwe.

Kwanza, mapengo mengi hujulikana mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya angalau miezi 3 kwa mshahara kamili, nayo hukaribia muhula mzima. Kwa hiyo anayebisha hodi siku ya kufungua shule amechelewa. Na afike katika wiki za mwisho za muhula uliotangulia. Amwone mwalimu mkuu, wala asimsahau naibu wake, ambaye mara nyingi ndiye ahangaikaye asubuhi mwalimu asipotokea.

Aende na karatasi zilizo tayari. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa. Nambari ya usajili, nakala za vyeti na kitambulisho vikae katika bahasha moja. Barua yake iwe fupi: masomo anayoyaweza, madarasa, siku alizo na nafasi na nambari ya simu. Aliyesomea kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu pamoja na somo jingine aseme hivyo waziwazi. Wala asitegemee mlango mmoja. Zipo shule za serikali, ambako halmashauri ya shule huajiri walimu wa muda, zipo za binafsi, na zipo zinazounganisha masomo ya kawaida na madrasa. Shule 5 anazoweza kuzifikia kabla ya kengele zina faida kuliko 20 zilizo mbali. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Hata hivyo, barua humwingiza mwalimu mara ya kwanza tu. Kinachomrudisha ni hali aliyoliachia darasa. Afuate azimio la kazi alilolikuta, asahihishe madaftari, na siku ya mwisho aache maelezo ya ukurasa mmoja: mada zilizokwisha, zile ambazo hazijaeleweka, na watoto wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu. Mwenye darasa akirudi asilazimike kuanza upya, yeye mwenyewe ndiye atakayemtaja mwenzake pengo jingine litakapotokea.

Uaminifu huo una haki yake. Sheria hiyohiyo ya Ajira yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Kabla ya kushika chaki, mwalimu aulize malipo ni kiasi gani, yatatolewa siku gani na nani, na kazi itakoma lini. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Wapo dada zetu waliofundisha muhula mzima kwa ahadi ya mdomo, wakaondoka na shukrani tupu. Na amalizapo, aombe barua ya kuthibitisha kazi aliyoifanya, kwani itamfungulia shule ifuatayo.

Sisi wa nyumbani nasi tuna sehemu yetu. Simu ya naibu mwalimu mkuu huenda ikalia saa kumi na mbili asubuhi. Ikiwa mume, mama mkwe au jirani ameshakubali kubaki na mtoto, jibu litakuwa "nakuja". Isipokuwa hivyo, naibu atampigia mwingine. Na tulio katika halmashauri za shule tuhakikishe kwamba mwalimu wa muda analipwa kwa wakati. Anaowafundisha ni watoto wetu, na siku wanayokaa bila mwalimu hairudi.