Bukavu, mji wa vidole vitano

Watoto wengi darasani wamezaliwa hapa kambini. Ukiwauliza kwao ni wapi, wanasema "Bukavu", basi. Mmoja aliuliza kama Kadutu ni jina la mtu!

Tuwaeleze. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, rasi tano zimeingia majini kama vidole vya mkono. Wakati wa Wabelgiji iliitwa Costermansville. Soko kubwa liko Kadutu, kule juu mlimani. Askofu mkuu Munzihirwa, aliyetetea wakimbizi, aliuawa mjini humo Oktoba 1996. Na mto Ruzizi hutoka pale ukashuka mpaka Tanganyika, ziwa lile tulilovuka wengi wetu.

Jioni hii, mzazi, mchoree mtoto mtaa wenu hapo mchangani. Asipousikia kwako, atausikia kwa nani?