Utafiti katika Ufundishaji wa Isimu ya Kiswahili Chuo Kikuu

Utafiti na ufundishaji ni majukumu ya mhadhiri mmoja, lakini aghalabu hutekelezwa kama kazi zisizohusiana. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inadhihirisha mgawanyiko huo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotokana na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na kuingizwa chuoni mwaka 1964, ilishughulikia kamusi, istilahi na sarufi, ilhali Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilifundisha. Mwaka 2009 vyombo hivyo viliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Hata hivyo, muungano wa kiutawala hautoshi. Utafiti huweza kuingia darasani kwa namna mbili. Kwanza, mhadhiri hufundisha matokeo ya utafiti. Mwanafunzi hupata maarifa mapya, lakini huyapokea yakiwa yamekamilika. Pili, mwanafunzi hukabidhiwa data na swali ambalo jibu lake halijafungwa.

Upatanisho wa kisarufi unafafanua tofauti hiyo. Katika tungo “rafiki yangu amefika”, kimilikishi kinafuata ngeli ya I-/ZI- ilhali kitenzi kinafuata ngeli ya A-/WA-. Katika namna ya kwanza, mwanafunzi huelezwa kwamba sifa ya uhai hutawala upatanisho wa kitenzi, na kwamba vimilikishi vya baadhi ya nomino za ukoo na uhusiano havifuati mkondo huo. Huikariri kanuni na kuirejesha katika mtihani. Katika namna ya pili, hukusanya tungo zenye “rafiki”, “dada”, “ng’ombe” na “simba” kutoka magazetini na katika mazungumzo. Akikutana na “marafiki zangu” na pia “marafiki wangu”, hulazimika kuuliza iwapo tofauti hiyo inatokana na umbo la nomino, mzungumzaji au muktadha, na data ipi ingeweza kuthibitisha au kukanusha jibu lake.

Namna ya kwanza ina nafasi yake, kwa kuwa hakuna anayeweza kuihoji kanuni asiyoijua. Tatizo hutokea inapokuwa ndiyo pekee: mwanafunzi hufika uzamili akiwa na kumbukumbu ya nadharia, lakini hajawahi kuunda swali la utafiti. Kwa hiyo, upimaji nao hauna budi kubadilika. Mtihani unaotuza ukariri pekee hubatilisha zoezi lolote la uchunguzi, hata likiandaliwa vyema. Tathmini inapaswa kuzipa alama pia hatua za ukusanyaji, uainishaji na ufafanuzi wa data.