Ramani Haijui Nani Hukaa Kivulini

Ukiutazama mtaa wa Manyatta, Kisumu, kwa picha ya setilaiti, utaona bahari ya mabati na kijani cha hapa na pale. Kabla ya mipaka ya Kisumu kupanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hapa palikuwa mashamba na maboma ya Waluo. Ardhi ikabaki mikononi mwa familia, wenye viwanja wakajenga nyumba za kupangisha, na nafasi ya bustani ya umma ikawa finyu. Kijani kilichosalia kiko kwenye viwanja vya shule, nyua za makanisa, miti ya siala majumbani na kingo za mto Auji.

Setilaiti huhesabu miti. Haisemi nani hupumzika chini yake, nani hufukuzwa, wala nani huogopa kupita hapo giza likiingia. Hojaji nayo hupata majibu mafupi. Hapo ndipo sanaa inapokuwa chombo cha utafiti.

Katika miaka ya 1990, watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, wapige picha za maisha yao, wazijadili pamoja, kisha wawaonyeshe watunga sera. Kenya nayo ina mfano wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ: mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa hapo waliirekebisha tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa kuwa maisha yaliyoigizwa humo waliyajua wao.

Manyatta inafaa kwa njia hii. Mtoto achore njia yake ya kwenda shule, mama mboga apige picha ya kivuli anachouzia, vijana waigize ugomvi wa kiwanja, wazee wasimulie kwa Dholuo miti iliyokatwa. Ukingo wa Auji unaweza kuwa mchezo kwa mtoto, shamba la sukuma wiki kwa jirani, na tishio la mafuriko kwa mwenye nyumba. Maarifa hupatikana pale watatu hao wanapokaa kujadili kazi zao. Bila mjadala, picha ni pambo tu. Na kazi zibaki mali ya waliozitunga, zionyeshwe kwa ridhaa yao.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 69, inaitaka Serikali kuhimiza umma kushiriki katika kutunza mazingira. Kushiriki si kuitwa ukumbini kupigia makofi mchoro uliokwisha kukamilika. Enyi mnaopanga mipango ya mji wa Kisumu, wapeni wakazi wa Manyatta penseli na kamera kabla hamjachora bustani yao.