Kikaango cha Chuma: Je, Chafaa Kununuliwa?



Kila msimu wa karafuu unapokwisha na hesabu zikafungwa, fedha huingia nyumbani kwa siku chache na kutoka kwa siku chache zaidi. Wachumaji hulipwa, madeni ya dukani hufutwa, fedha za skuli hutengwa, na kile kidogo kinachobaki ndicho kinachogombewa na vyombo vya nyumbani. Miongoni mwa vyombo hivyo, kimoja huulizwa sana: kikaango cha chuma cha kusubu, kile kizito, cheusi, ambacho bei yake huweza kuwa mara kadhaa ya kikaango chembamba cha alumini. Bwana huona ni gharama ya bure. Bibi huona ni chombo cha maisha. Nani kati yao mwenye haki?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hujaa, na mwaka wa pili hutoa kidogo tu. Katika miaka hiyo ya shida nyumba nyingi za wakulima huendeshwa na kikaango: vitumbua vya asubuhi, samaki wa jioni, mikate ya kuuza barazani. Chombo kinachoishika nyumba hakifai kununuliwa kwa kukisia, wala kukataliwa kwa kukisia. Basi na tukipime kama tupimavyo karafuu, kwa mizani.

CHUMA HIKI NI CHUMA GANI?

Chuma hiki si sawa na kile cha jembe au panga. Jembe hufuliwa kwa nyundo, kikaango humiminwa. Chuma kikitiwa kaboni, yaani ile asili ya makaa, kiasi cha sehemu 2 mpaka 4 katika kila 100, huyeyuka katika moto wa kadiri ya digrii 1,200 za Selsiasi, badala ya digrii zaidi ya 1,500 zinazotakiwa na chuma kitupu. Huwa kama uji mwepesi, kikamiminwa katika kalibu ya mchanga. Wachina waliijua kazi hii kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Huko Uingereza, Abraham Darby alipata hati ya serikali mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga, na mwaka 1709, mahali paitwapo Coalbrookdale, akaanza kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza. Ndipo chungu cha chuma kilipoanza kufika mikononi mwa watu wa kawaida katika nchi ile.

Lakini kaboni ileile inayokifanya chuma kimiminike ndiyo inayokifanya kiwe na tabia ya kigae. Hakipindiki, huvunjika. Jambo hili mwanachama alishike, maana ndilo linaloamua kama fedha yake itakaa miaka 30 au siku 30.

UZURI WAKE

Kwanza, huweka moto. Alumini hupitisha moto upesi, kadiri ya mara 4 kuliko chuma hiki. Lakini upesi huo una mlango wa kuingilia na wa kutokea. Tia vipande vinne vya changu katika kikaango chembamba, na mafuta hupoa mara moja. Samaki hunywa mafuta, akagandamana, akatoka vipande. Kikaango cha chuma chenye upana wa sentimita 26 huwa na uzito wa kadiri ya kilo 2 na robo, na uzito wote huo ni ghala ya moto. Samaki akiingia, moto uliohifadhiwa humpokea. Ndiyo maana chuma cha vitumbua, chenye mashimo yake, kimekuwa kizito tangu zamani. Kitumbua chataka kushikwa na moto mara tu unga unapomiminwa.

Pili, hakiogopi moto mtupu. Fikirini mkate wa ufuta. Donge hutandazwa juu ya chuma likashika barabara. Likiisha kuiva chini, chuma hupinduliwa kikaelekezwa kwenye makaa ili uso wa juu uive na ufuta upate rangi. Hapa mkate lazima ugande, na chombo lazima kistahimili makaa uso kwa uso. Kikaango chenye ngozi ya plastiki hakiwezi lolote kati ya hayo mawili.

Na hiyo ngozi ya plastiki twapaswa kuieleza, maana vikaango vya namna hiyo vimejaa madukani. Kitu chenyewe huitwa Tefloni. Kilivumbuliwa mwaka 1938 na Mmarekani Roy Plunkett. Katika moto wa kadiri hakina neno, na yai huteleza juu yake bila taabu. Lakini kikipita digrii 260 huanza kuharibika, na moto ukizidi sana hutoa mvuke ambao umewahi kuua ndege waliofungwa tunduni na kuwatia watu homa. Jiko la gesi lina kitasa cha kupunguzia moto. Seredani ya makaa haina. Kikaango kitupu kikisahauliwa juu ya makaa kwa dakika chache tu huweza kufika huko.

Tatu, ni jambo la afya. Mwaka 1999 jarida la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet lilitoa habari ya uchunguzi uliofanywa Ethiopia: watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma walipata damu bora kuliko wale waliopikiwa katika vyungu vya alumini, kwa sababu chembe za chuma huingia katika chakula. Hatusemi kwamba kikaango ni dawa. Mwenye upungufu wa damu mahali pake ni hospitali, na mwenye maradhi ya damu yanayomlazimu kuongezwa damu mara kwa mara amwulize daktari kwanza, kwani yeye huenda chuma kimemzidi mwilini. Lakini kwa nyumba yenye watoto na mama wajawazito, ni faida inayokuja bila kulipiwa.

Upande wa pili wa habari hiyo ni sufuria na vikaango vinavyosubiwa kwa mabaki ya injini, makopo na vyuma vya kila namna. Uchunguzi uliofanywa Kameruni, na kutangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba vyombo vya namna hiyo huweza kutoa risasi katika chakula, nayo risasi ni sumu inayodhuru akili za watoto. Hatusemi kila sufuria ina risasi. Twasema tu kwamba mnunuzi hawezi kuiona kwa macho.

UBAYA WAKE

Ni kizito. Mzee mwenye maumivu ya kiganja hataweza kukiinua kwa mkono mmoja kikiwa na mafuta ya moto, na mafuta ya moto hayana msamaha. Mkono wake hupata moto sawa na tumbo lake, basi hushikwa kwa kitambaa kikavu kila mara, na mkono huo ugeuzwe ndani, mbali na mahali watoto wanapopita.

Huchelewa kupata moto, basi mtu wa kukaanga yai moja na kwenda zake atachoma makaa bure. Kwa wali, chai na mchuzi, sufuria ni bora.

Hakipendi ukali. Ukwaju, ndimu, tungule na embe mbichi hula ngozi yake ya mafuta na kukitia chakula ladha ya chuma. Mchuzi wa ukwaju upikwe kwenye chungu.

Tena hushika kutu, na sisi ni watu wa kisiwani. Upepo wa bahari una chumvi, na masika yana unyevu. Kikaango kilichoachwa na maji usiku mmoja asubuhi huwa chekundu.

JINSI YA KUCHAGUA

Mwanachama akienda dukani, au akipata cha mkono wa pili, na afanye haya:

1. Achukue sumaku ndogo. Alumini iliyopakwa rangi nyeusi huuzwa pengine kwa jina la chuma, nayo haishikwi na sumaku. Sumaku ikishika, bado apime uzito kwa mkono, maana bati la chuma nalo hushikwa.

2. Akining'inize kwa kidole na kukigonga kwa ufunguo. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Chenye ufa kisinunuliwe hata kwa bei ya bure.

3. Akiweke juu ya meza iliyo sawa. Kikiyumba, kitayumba jikoni pia.

4. Atazame mkono. Ulio bora umesubiwa pamoja na kikaango, kitu kimoja, bila misumari.

5. Kutu kisimtishe. Kutu ni ugonjwa wa ngozi, husuguliwa ukaisha. Bali aulize kikaango cha zamani kilitumika kwa kazi gani. Mahali penye wavuvi, vyombo vya chuma hutumika pengine kuyeyushia risasi za nyavu na mishipi. Kikaango kilichoyeyusha risasi hakifai tena kwa chakula, hata kikisuguliwa mwaka mzima.

JINSI YA KUKITUNZA

Kikaango kipya, au kilichosuguliwa kutu, huvishwa ngozi kwanza. Kioshwe, kikaushwe motoni, kipakwe mafuta ndani na nje, kisha yafutwe kwa kitambaa mpaka kionekane kama hakina kitu. Hapa wengi huharibu. Mafuta mengi huwa ulimbo. Kiwekwe juu ya moto mpaka kitoe moshi na moshi ukome, kisha kiachwe kipoe chenyewe. Kazi hii irudiwe mara 3 au 4. Mafuta hubadilika kwa moto yakawa ngozi ngumu, nyeusi, ambayo chakula hakishiki.

Kwa kazi hii yafaa mafuta ya alizeti au ya soya. Mafuta ya nazi, tuyapendayo kwa kupikia, hayafai sana hapa, kwa kuwa si ya namna inayokauka ikawa ngozi. Kuvisha ni kwa alizeti. Kukaanga ni kwa nazi mkitaka.

Baada ya kupika, kisuguliwe kwa maji ya moto na kumbi la nazi. Sabuni kidogo haidhuru. Kinachodhuru ni kuloweka. Kikaushwe juu ya makaa yanayokufa, kipakwe mafuta kidogo, kitundikwe mahali pakavu. Kazi yote ni dakika 5. Kwa mkate wa ufuta, mafuta hayo yafutwe kwanza mpaka chuma kikauke, mkate usije ukaanguka katika makaa. Wala kisitiwe kamwe maji baridi kingali cha moto, maana kitapasuka kama gilasi.

HESABU YENYEWE

Sasa twende kwenye mizani. Mwanachama asiulize bei kwa shilingi tu. Aulize ni kilo ngapi za karafuu kavu. Karafuu mbichi hupoteza kadiri ya theluthi mbili za uzito wake juani. Basi kila kilo 1 kavu ni kilo 3 mbichi ulizopandia juu, ukazichambua usiku, ukazianika, na kuzianua mbio mvua ilipotisha.

Tuseme, kwa mfano, kikaango cha chuma ni sawa na kilo 6 kavu, na chembamba ni sawa na kilo 1. Chembamba kikibadilishwa kila miaka 2, huila nyumba gramu 500 za karafuu kwa mwaka. Cha chuma kikidumu miaka 30, hula gramu 200. Mizani husawazika katika mwaka wa 12, na baada ya hapo kila mwaka ni faida. Kila mmoja atie bei za duka lake na ahesabu upya. Lakini hesabu hii ni ya mwenye kutunza. Kikianguka sakafuni mwaka wa kwanza, kilo 6 zimekwenda.

Basi shauri letu ni hili. Nyumba inayokaanga kila siku, hasa inayouza vitumbua, samaki au mikate, na inunue. Kambi ya wachumaji, ambako hupikwa juu ya mafiga na hakuna anayepembeleza vyombo, na inunue pia, ila achaguliwe mtu mmoja wa kukitunza. Nyumba ya watu wawili wanaokaanga mara moja kwa wiki, au mzee anayejipikia peke yake, chembamba chawatosha. Kisiwe cha mabaki ya vyuma, wala kisiachwe kitupu juu ya makaa.

Na yote hayo ni kwa fedha iliyokwisha kuingia mkononi. Mwanachama asikodishe mkarafuu hata mmoja, wala asichukue deni juu ya karafuu iliyo bado mtini, kwa ajili ya kikaango. Rahisi ni ghali, wamesema wazee. Lakini cha deni ni ghali kuliko vyote. Atakayeshindwa msimu huu na angoje mwingine, au ashirikiane na ndugu yake wa jirani. Kikaango kimoja kizito huweza kuhudumia nyumba mbili, iwapo wenyewe wanasikilizana.

Twawatakia nyote msimu wa kheri.